Kwa nini muji wetu ulisimama?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo watu wengi wanatuuliza: «Ninyi wa klabu ya ordinateri, kila siku ya Tano muko munafanya nini mule ndani? Tunasikia tu munagombana juu ya barabara.» Ni kweli, tulikuwa tunagombana. Tulikuwa na muji wetu katika mashine, tuliujenga sisi wenyewe, na ule muji ulisimama. Si kusema ulisimama imara, hapana. Ulisimama sawa motoka yenye kuishiwa mafuta katikati ya njia.

Katika kurasa hizi tutaeleza muchezo huo ni kitu gani, namna gani muji unakua ndani yake, kwa nini motoka zinafungana, na dawa gani tulipata. Mwenye kusoma mpaka mwisho ataona kama habari hii si ya muchezo peke yake.

1. MUCHEZO WENYEWE

Jina lake ni Cities: Skylines. Ulitoka tarehe 10 ya mwezi wa 3, mwaka 2015. Wenye kuutengeneza ni kampuni Colossal Order, ya muji wa Tampere, katika inchi ya Finlandi. Wenye kuutoa na kuuuza ni kampuni ya Uswedi yenye kuitwa Paradox Interactive. Wale wa Tampere walikuwa watu wachache, hawakujaza hata darasa moja la masomo yetu. Lakini mbele ya hapo walikuwa wamekwisha kutoa muchezo mungine juu ya bisi na treni za muji (mwaka 2011), kwa hiyo mambo ya barabara waliyajua. Tangu mwaka 2023 kuko muchezo wa pili wa jina lilelile, lakini ule unaomba mashine ya nguvu sana. Sisi tuko na wa kwanza, na tunashukuru.

Muzee wa michezo ya namna hii ni SimCity, wa mwaka 1989, kazi ya Will Wright wa Marekani. Huyu alikuwa ametengeneza kwanza muchezo wa helikopta yenye kutupa mabomu juu ya visiwa. Wakati alipokuwa anachora vile visiwa, pamoja na barabara na majengo yake, aliona kama kujenga kunamupendeza kuliko kubomoa. Ndipo wazo la muchezo wa kujenga miji lilizaliwa.

Ndani ya muchezo huu hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna goli. Hakuna mutu mwenye kukuambia: umeshinda. Kuko muji tu, na weye ndiye bourgmestre, enjenia na mwenye sanduku ya feza, vyote kwa mara moja.

2. MUJI UNAANZA NAMNA GANI

Unapewa kipande cha udongo cha karibu kilometre 2 kwa 2, na feza 70.000 za muchezo. Barabara kubwa ya haraka, ile wanaita otoruti, inafika pale. Kazi ya kwanza ni kutoa njia kutoka ile otoruti na kuingia ndani ya udongo wako.

Kisha unapaka rangi kando ya barabara. Kijani ni fasi ya nyumba za kukaa. Buluu ni fasi ya biashara. Manjano ni fasi ya viwanda. Mujue vizuri: si weye mwenye kujenga nyumba. Weye unapaka rangi tu, na watu wanakuja wenyewe kujenga, kama wanaona fasi inafaa. Chini ya ekra kuko mistari mitatu ya rangi zilezile. Mustari ukipanda, ni kusema watu wanaomba kitu kile. Wakiomba kazi, unapaka manjano. Wakiomba nyumba, unapaka kijani.

Halafu umeme na maji. Hapa ndipo tulipata aibu ya kwanza. Tuliweka pompe ya maji kando ya muto, na bomba la maji machafu tukaliweka kando ya muto uleule. Hatukuangalia maji yanaelekea upande gani. Kumbe bomba lilikuwa juu na pompe ilikuwa chini! Kwa siku chache tu muji muzima ulianza kuugua. Dada mumoja wa mwaka wa 6 alitucheka sana: «Munasoma sayansi, lakini hamujue kama mwenye kufua anakaa chini na mwenye kuchota anakaa juu?» Tulihamisha bomba, watu wakapona. Hili lilikuwa kosa la mara moja, na dawa yake ilionekana. Kosa la barabara ni mbaya zaidi, sababu unalifanya leo, na matunda yake unayala wakati watu wamekuwa wengi.

3. BARABARA ZINA UKUBWA NA UDOGO WAO

Angalieni namna tunatoka masomoni. Mutu anatoka kitandani, anapita kati ya vitanda. Kisha mulango wa chumba. Kisha koridori. Kisha kiwanja. Kisha mulango mukubwa wenye mulinzi. Ndipo barabara ya Serikali. Kila njia inaingia katika ile yenye kuwa kubwa kidogo. Kama kila kitanda kingekuwa na mulango wake juu ya barabara ya Serikali, si mulinzi, si motoka, hakuna mwenye angepita.

Muji ni vilevile. Kuko aina tatu za barabara:

– Barabara ya nyumba: ni ndogo, ya polepole. Mutu anafika kwake, basi.

– Barabara ya kukusanya: inapokea motoka za barabara ndogo kumi ao kumi na mbili na kuzipeleka mbele. Juu yake hatupendi nyumba nyingi.

– Barabara ya kusafiria: ni ya haraka, haina nyumba hata moja kandokando, na makutano yake ni machache, mbalimbali.

Mwenye kuchanganya hizi tatu, yaani kuweka nyumba, duka, kiwanda na safari ya mbali juu ya barabara moja, amekwisha kufunga muji wake. Hajui tu siku gani.

4. MUJI UNASIMAMA

Sisi tulichanganya.

Tulichora barabara zetu kwa mistari minyofu yenye kukatana, miraba kwa miraba. Tuliwaza Lubumbashi, ambayo katikati yake ilipimwa vile tangu ilipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, mwaka 1910. Mupango wa miraba si mubaya. Mutu hapotei, na udongo unagawanyika vizuri. Lakini kila mahali mistari inakatana kuko makutano, na kwa kila makutano lazima mumoja asimame kusudi mwenzake apite. Sisi tuliweka makutano kila hatua hamsini.

Tena kuko kosa lingine. Kartye yetu ya kwanza, tuliyoiita Asubuhi, ilikuwa kati ya otoruti na viwanda. Ilikuwa na barabara moja pana, na kila kamio ya viwanda ilipita pale. Wakati muji ulikuwa na watu 3.000 hakuna mutu aliona shida. Watu 8.000, tuliona motoka zinapungua mwendo. Watu 20.000, kila kitu kilikamatana.

Namna gani tulijua? Maduka yalionyesha alama: hatuna vitu vya kuuza. Viwanda vilionyesha: hatuna vitu vya kutumia kazi. Kumbe vitu vilikuwako! Vilikuwa ndani ya kamio, na kamio zilikuwa katika fili. Takataka zilijaa mbele ya nyumba. Wafu walibaki ndani ya nyumba, sababu motoka ya kuzika haikufika. Mugonjwa alikuwa ndani ya ambulansi, ambulansi ilikuwa nyuma ya bisi, bisi nyuma ya kamio, na kamio ilikuwa inangoja kugeuka kushoto.

Muchezo una picha yenye kuonyesha barabara kwa rangi: kijani ni kupita vizuri, nyekundu ni kufungana. Tulipoifungua, Asubuhi yote ilikuwa nyekundu.

5. TULIPANUA BARABARA, IKAZIDI

Wazo la kwanza lilikuwa lenye kila mutu analo: barabara ni nyembamba, tuipanue. Ilikuwa na mistari minne ya motoka, tuliifanya sita. Feza mingi zilienda. Tulingoja. Kwa muda mufupi rangi ilibadilika kidogo, tukapiga makofi. Kisha ikarudia nyekundu ileile.

Tulisogeza picha karibu na kuangalia vizuri. Ndipo tulishangaa: barabara ilikuwa na mistari, lakini motoka zote zilikuwa zimejipanga katika mustari mumoja! Mistari mingine ilikuwa mitupu. Sababu ni hizi.

Ya kwanza: katika muchezo huu, dereva anachagua njia yake yote wakati anatoka. Anaangalia urefu wa njia na mwendo wenye kuruhusiwa, basi. Haangalii kama wenzake elfu wamechagua njia ileile. Akiwa njiani na kuona fili, hageuki. Kwa hiyo barabara ukiifanya ya haraka zaidi, unaita watu zaidi.

Ya pili: dereva anaingia mapema katika mustari wa fasi atakapogeukia. Kama kamio zote zinageuka kushoto kwa viwanda, zote zitafuata mustari wa kushoto hata kama iko mistari sita.

Ya tatu: ukikutanisha barabara mbili kubwa, muchezo unaweka taa nyekundu na kijani wenyewe. Kila upande unangoja zamu yake. Motoka zenye kutoka kwa mistari sita zinangoja taa moja.

Mwalimu wetu wa hesabu alitupa mufano. Tukitoka katika sala ya kula sisi wote kwa mulango mumoja, tunafungana. Je, kupanua sala kutasaidia? Hapana. Watu watasimama kwa raha zaidi, lakini mulango ni uleule. Barabara ni sala. Makutano ndiyo mulango.

Tena alitueleza kama mwaka 1968 mwana-hesabu wa Ujeremani, Dietrich Braess, alionyesha kwa hesabu jambo lenye kushangaza: inawezekana kuongeza barabara mupya katika muji, na kila dereva akachelewa kuliko mbele. Sababu kila mutu anakimbilia njia yenye kuonekana fupi kwake, na wote wanakutana pale. Si hila ya muchezo, ni hesabu ya kweli.

6. SIKU YA KUVUNJA

Basi siku ya Tano moja, mukubwa wa klabu alisema: «Dawa ni moja. Kartye Asubuhi tuivunje yote. Tupitishe otoruti pale katikati mpaka viwandani.» Wengi tulikubali. Kuvunja ni rahisi: kuko kifungo chenye picha ya buldoza, unapitisha mukono, nyumba zinakwisha. Bei yake ni sufuri.

Mukono wake ulikuwa tayari juu ya kifungo. Kijana mumoja wa mwaka wa 4, mwenye kusema kidogo sana, akasema: «Yaya, mungoje kwanza.»

Alichukua panya ya mashine, akasogeza picha karibu, akafinya juu ya mutu mumoja mwenye kutoka nyumbani kwa miguu. Muchezo unaonyesha jina la mutu, kama ni kijana ao muzee, nyumba yake, na fasi anatumika. Yule alikuwa mwanamuke muzee. Kijana alisoma jina lake kwa sauti. Kisha akasema hivi:

«Kwetu, mbele nije hapa internati, walikuja kupiga rangi nyekundu kwa ukuta wa nyumba. Musalaba, na maneno: à démolir. Baba aliuliza tutaenda wapi, walisema barabara inapita. Na kweli barabara ilipita, ni nzuri, mimi mwenyewe nilipita pale na bisi. Lakini sisi tulienda kukaa mbali sana na soko, na mama hakuweza tena kuuza. Sisemi barabara ni mubaya. Ninauliza tu: hawa wa Asubuhi, mashine inaonyesha wataenda wapi?»

Hakuna mutu alijibu, sababu mashine haionyeshi. Ukivunja, nyumba inapotea, na weye unaendelea na kazi.

Tuliamua neno moja: tutafute dawa yenye haivunji zaidi ya nyumba kumi. Tulichukua siku za Tano tatu, na kura ilikatika mara mbili. Lakini tuliipata.

7. DAWA YENYEWE

Kwanza tuliangalia mbele ya kushika kitu. Ukifinya juu ya barabara, muchezo unaweza kuonyesha njia zote za wenye kupita pale: wanatoka wapi, wanaenda wapi. Tuliona kama sehemu kubwa ya motoka ndani ya Asubuhi hazikuwa na kazi yoyote Asubuhi. Ni kamio zenye kutoka otoruti na kwenda viwandani, ao kutoka viwandani na kuuza inje. Ndugu zetu wa Katanga wanaelewa jambo hili: kamio za shaba na kobalti zenye kutoka Kolwezi zinashuka mpaka mupaka wa Kasumbalesa, na njiani ziko miji yenye watu, wanafunzi na masoko. Muzigo hauna haja na muji, lakini unapita ndani yake.

Pili, tulifungulia viwanda mulango wao. Tulizungusha barabara nyuma ya muji, pasipo nyumba kando, mpaka kufika otoruti kwa fasi ingine. Tulivunja nyumba sita. Kamio ziliona kama njia ile ni ya haraka zaidi, zikaifuata zenyewe. Hatukukataza kitu, tulibadilisha hesabu ya dereva.

Tatu, tulipunguza makutano. Barabara ndogo kumi na mbili zilikuwa zinaingia katika barabara kubwa ya Asubuhi. Nane tulizikata pale mwisho, tukaacha njia ya miguu tu. Wengine waliogopa: «Watu watapitia wapi?» Watapita kwa miguu! Katika muchezo huu watu hawaogope kutembea. Ukiwapa njia ya miguu yenye kukata vizuri, wengi wanaacha motoka nyumbani. Barabara ndogo tuliziunganisha nyuma, zikawa zinatoka kwa fasi nne.

Ine, tuliondoa taa na kuweka rompwe. Ni barabara ya mwendo mumoja yenye kuzunguka. Mwenye kuwa ndani anapita, mwenye kuingia anangoja nafasi. Uingereza, kanuni hii ya kuwapisha wenye kuwa ndani ilikuwa sheria tangu mwaka 1966. Uzuri wake ni huu: hakuna kungoja zamu wakati njia ni wazi. Sisi Wakongomani tunajua roboti za kuongoza motoka, zilizosimamishwa Kinshasa tangu 2013, zenye kutumia nguvu ya jua. Ni kazi ya kujivunia. Lakini roboti, taa ao polisi wa rulaje anagawanya zamu tu. Nafasi yenyewe hawezi kuiongeza. Na rompwe pia ina kipimo chake: motoka zikizidi sana, inajifunga yenyewe sawa nyoka mwenye kuuma mukia.

Tano, tulipaka buluu kidogo katikati ya kila kartye, kusudi mutu asivuke muji muzima juu ya kununua sabuni, na tulipitisha bisi kutoka makao mpaka kazini.

Matokeo? Muchezo unapima kupita kwa motoka kwa mia. Mbele ya dawa tulikuwa chini ya 50 kwa 100. Kisha tulifika 81. Asubuhi ingali pale, na muzee yule tulimuona tena, anatembea.

8. KUKUA KWA KIASI

Tulipoona barabara ziko kijani, tamaa ilitushika. Tulipaka kijani eneo kubwa kwa siku moja, watu 6.000 wakaingia pamoja. Tulifurahi. Lakini wenye kuingia pamoja ni watu wa umri mumoja. Wanazeeka pamoja, na wanakufa pamoja. Miaka ya muchezo ilipopita, nyumba mia kwa mia zilionyesha alama ya mufu kwa wakati mumoja, motoka za kuzika zilijaa barabarani, na nyumba zilibaki tupu. Kisha watu wapya waliingia tena wote pamoja, na hesabu ile ikaanza upya.

Kwa hiyo tulijifunza: paka kidogo, ngoja, paka tena. Masomo, dispanseri na motoka za zima-moto vije pamoja na watu, si kisha yao. Na zaidi ya yote, acha fasi. Kama unawaza kartye hii itakuwa na watu 10.000, weka pembeni leo udongo wa barabara itakayowapeleka, hata kama leo ni majani tu. Udongo mutupu bei yake ni ndogo. Udongo wenye watu juu yake, bei yake tuliisikia kwa kinywa cha yule mwenzetu.

9. YENYE MUCHEZO UNAFICHA

Haifai kusifu tu. Muchezo huu unafundisha, lakini unaficha pia.

Motoka ikikwama muda murefu sana, inapotea tu, pu! Katika maisha ya kweli motoka haipotei, na mwenye kuwa ndani yake anafika usiku.

Barabara za muchezo hazina mashimo. Mvua hailete mitaro. Hakuna soko kandokando ya njia, hakuna mama mwenye beseni ya ndizi kichwani, hakuna mutu mwenye kusukuma kinga yenye magunia matatu ya makala. Katika miji yetu hao ndio wengi, na mwenye kupanga barabara kwa motoka tu amepanga kwa watu wachache.

Hakuna mwenye udongo. Hakuna chefu, hakuna karatasi ya kiwanja, hakuna tribinali. Unavuta mustari, unakuwa wako.

Na rangi pia zinaweza kudanganya. Kusema huku nyumba, huku viwanda, ni vizuri, sababu moshi na udongo muchafu vinaleta ugonjwa. Lakini Lubumbashi wakati wa ukoloni kulikuwa pia mustari mwingine katika karatasi: kiwanja kitupu, kilichoitwa zone neutre, chenye kutenga muji wa wazungu na cité ya weusi. Aliyechora alikuwa na kalamu na karatasi safi sawa sisi na ekra yetu. Mustari juu ya karatasi ni mustari juu ya watu.

10. KWA KUMALIZIA

Mwenye kupenda kujaribu, ashike haya:

– Maji machafu chini, maji ya kunywa juu.

– Barabara ndogo iingie katika ya katikati, ya katikati katika kubwa. Usiruke.

– Mbele ya kupanua barabara, angalia makutano yake.

– Viwanda viwe na mulango wao.

– Kuza muji kidogo kidogo, na acha fasi ya kesho.

Klabu inakutana kila siku ya Tano saa 8 ya mchana, kama grupe ina mafuta. Wasichana na wavulana, wote wanakaribishwa. Mashine ni moja, kwa hiyo mulete uvumilivu.

Kanuni moja tuliiongeza, na iko imeandikwa kwa chaki juu ya ubao wa sala: mwenye kutaka kufinya kifungo cha buldoza juu ya nyumba, kwanza atafute mutu mumoja wa pale, na asome jina lake kwa sauti, wote wasikie. Hatujakataza kuvunja. Tangu siku ile tumevunja mara tano. Lakini kila mara tulijaribu kwanza njia ingine, na mara nyingi ilipatikana.

Kwa klabu ya ordinateri,
mwanafunzi wa mwaka wa 5